Kumchana Biskuti

Kila Jumamosi asubuhi napanda matatu kutoka Rongai hadi mjini, naunganisha nyingine ya Kileleshwa, kisha napanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwenda kuchana nywele za mbwa. Nalipwa shilingi 1,500. Makala ya maneno elfu mbili hunilipa karibu hivyo hivyo, tena baada ya miezi miwili na barua pepe tatu za kukumbushana. Kwa hivyo usinicheke. Au cheka, lakini ukimaliza tuendelee.

Mbwa mwenyewe anaitwa Biskuti. Baba yake ni pudeli, mama yake ni labrado. Soja wa lango humwita labradudu, na mwenye mbwa, mwanamke wa makamo anayefanya kazi benki, anajulikana ploti nzima kama Mama Biskuti, ilhali ana watoto wawili aliowazaa mwenyewe. Mimi nimehifadhiwa kwenye simu yake kama "Kijana wa Biskuti". Nilikuwa nasomea historia chuo kikuu. Mwaka wa tatu karo ikakwama, nami nikakwama nayo. Sasa mimi ni kijana wa Biskuti, na historia naisoma kwenye matatu.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nilimwogesha kwanza. Biskuti alikuwa na mafundo nyuma ya masikio na kwapani, nami nikadhani maji na shampuu vitayalainisha. Wapi! Umewahi kuona sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto? Mafundo yalijikaza vivyo hivyo, yakakauka yakawa kama kipande cha zulia kilichogundishwa kwenye ngozi. Nilimaliza saa nne na makasi mkononi, mbwa akilia, mimi nikikaribia kulia.

Baadaye nilijifunza. Mbwa wa manyoya ya mviringo huchanwa akiwa mkavu, ndipo aogeshwe. Unamlaza ubavu, unaanzia chini mguuni. Kwa mkono mmoja unayainua manyoya mpaka uone mstari wa ngozi, kisha unashusha tabaka jembamba na kulipitishia brashi ya waya, kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Halafu tabaka lingine, na lingine. Ukipiga brashi juu juu atapendeza kama mwanasesere, huku chini kabisa, usipoona, manyoya yanasokotana. Ukikuta fundo unalibana kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto uishie mikononi mwako badala ya kumfikia yeye, kisha unalilegeza kuanzia nchani. Mwishowe unapitisha kichana cha chuma. Brashi inaweza kukudanganya, kichana hakina siasa. Kikikwama, rudi nyuma.

Sababu ya taabu yote hii iko kwenye unywele wenyewe. Mbwa wengi hupukutisha manyoya yaliyokufa, yakaanguka kwenye kochi na kwenye suruali yako nyeusi. Kwa pudeli, unywele hukua muda mrefu zaidi kabla ya kutoka, na ule unaotoka unanaswa na mviringo wa majirani zake. Mwaka 2009 watafiti walichapisha katika jarida la Science kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa duniani. Moja inahusika na urefu, moja na masharubu na nyusi, na ya tatu, KRT71, ndiyo inayoleta mviringo. Wenye mbwa hawa hujisifu kwamba nyumba zao hazina manyoya. Ni kweli. Manyoya yote yamebaki kwa mbwa, yakimngoja mtu kama mimi.

Hakuna aliyemfuga pudeli kwanza kwa ajili ya urembo, na hili lilinishangaza. Jina lake ni la Kijerumani, linatokana na neno la kutapatapa na kurusha maji. Wafaransa nao humwita caniche, kutokana na neno lao la bata jike. Alikuwa mbwa wa kazi. Mwindaji akimpiga bata risasi ziwani, pudeli ndiye aliyeruka majini kumleta. Manyoya yake mazito yalimkinga na baridi, lakini yakilowa yalimlemea asiweze kuogelea vizuri, ndiyo maana watu wakaanza kumnyoa nyuma na kumwachia nywele kifuani na kwenye viungo. Mwingereza mmoja, Gervase Markham, aliandika juu ya mbwa wa majini mwaka 1621. Alikubali wanyolewe kuanzia kitovuni kwenda nyuma, kwa kazi ya kiangazi na ya majini, lakini kumnyoa mbwa mwili mzima alikukataa kabisa. Kwa hivyo vile vibonge vya manyoya tunavyovicheka kwenye katuni vilianza kama vazi la kazi, kama vile ovaroli.

Kisha mbwa akaingia ndani ya nyumba za wakubwa, na vazi la kazi likawa fasheni. Mwanamfalme Rupert, aliyempigania mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, alikuwa na mbwa mweupe wa aina hii aliyeitwa Boy. Maadui zake walichapisha vijitabu wakidai mbwa huyo ni mchawi. Boy aliuawa katika mapigano ya Marston Moor mwaka 1644. Goethe naye, kwenye Faust, alimleta shetani akiwa katika umbo la pudeli mweusi. Sijui Wazungu walimwona nini huyu mbwa. Biskuti huogopa hata mfuko wa plastiki.

Lakini wanaonivutia zaidi ni wengine. Paris ya miaka ya 1700 na 1800, kando ya mto Seine na kwenye daraja la Pont Neuf, kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kunyoa mbwa. Hawakuwa na duka. Walikuwa na kiti, sanduku la makasi, na mto wenyewe kwa kuoshea. Michoro ya mwanzo wa karne ya 19 inaonyesha wanawake wameketi hapo kandokando, pudeli wamelazwa mapajani miguu juu, mwenye mbwa amesimama pembeni akitazama. Baadhi yao walihasi paka pia, kwa sababu mnyoa mbwa huwa hachagui kazi. Nimeitazama michoro hiyo kwenye simu mara nyingi, nikivuta picha nione mikono. Majina ya pudeli wa wakubwa tunayo. Jina la Boy mnalo sasa hata nyinyi. Ya wale wanawake hayapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1800 kulikuwa na mtindo mwingine huko Uingereza: kutomchana kabisa. Manyoya ya pudeli yaliachwa yajisokote kuwa kamba ndefu, nyingine zikigusa sakafu, zikapakwa mafuta na kufungwa kwa vitambaa zisichafuke, kisha mbwa akapelekwa kwenye maonyesho kushindania tuzo. Hatimaye watu walichoka na uchafu wake, kichana kikarudi. Kati ya 1960 na 1982 pudeli ndiye aliyesajiliwa kwa wingi kuliko mbwa wote Marekani. Mwaka 1989 Wally Conron, mfugaji wa mbwa wa kuongoza vipofu kule Australia, alimzalisha pudeli na labrado kwa ajili ya mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji. Watoto wengine wa uzao huo walikosa mtu wa kuwachukua, kwa kuwa hakuna aliyetaka chotara. Conron akawabuni jina jipya, na simu zikaanza kulia. Miaka mingi baadaye alisema anajuta. Mimi namwelewa, hasa nikifika kwenye kwapa.

Mambo haya yote nilikuwa nayajua nilipompigia Guka simu mwezi wa Aprili. Ana miaka zaidi ya 80, anaishi Nyandarua, na kwa muda mrefu nilimficha kwamba niliacha masomo. Siku hiyo nikamwambia yote kwa mpigo: chuo nimeacha, naandika, na Jumamosi nachana mbwa wa mtu.

Akacheka sana. Halafu akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Wa nywele kama kondoo?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Hata mimi nilikuwa na wangu."

Guka alizaliwa kwenye shamba la setla huko Njoro, wazazi wake wakiwa maskwota. Alipofika miaka kumi na miwili hivi akachukuliwa kuwa toto wa jikoni. Kazi hiyo wengi wenu mmeisikia: kukata kuni, kuosha sufuria, kuchota maji, kutumwa na mpishi, kutumwa na kila mtu. Memsaabu alikuwa na mbwa wa kahawia mwenye manyoya ya kujikunja, aliyeletwa kwa meli. Aina yake Guka haijui. Kazi ya kumchana ikawa yake, kila jioni, kwenye veranda ya nyuma. Kupe walikuwa wengi, na ukimwacha siku tatu, nyasi na mbegu za porini zilijisokota kwenye manyoya mpaka ngozi ikawa na vidonda. Alinieleza jinsi alivyokuwa akitenga manyoya kwa vidole, akianzia mguuni, akishika fundo karibu na ngozi. Neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimelipia bando nitazame video ili nijifunze jambo ambalo lilikuwa Nyandarua muda wote.

Kichana cha yule mbwa kilikuwa cha chuma, kilikaa kwenye droo. Guka mwenyewe hakuwa na kichana. Jioni moja alipomaliza, akakitia kwenye nywele zake. Mara moja tu, alisema, kuona kikoje. Memsaabu alikuwa dirishani. Hakumpiga. Alimwita mpishi, akaamuru kichana kichemshwe, mbwa asije akapata chawa.

Guka alisimulia haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Miezi michache baadaye maskwota Wakikuyu walifurushwa kutoka Bonde la Ufa kwa maelfu, na familia ya Guka ikapakiwa kwenye lori kurudishwa katika rizavu ambayo yeye hajawahi kuiona. Kakake mkubwa hakupanda lori. Aliingia msituni. Huko hakukuwa na kichana wala kinyozi, nywele zikajisokota zenyewe, na punde nywele za namna hiyo zikawa ushahidi. Wengi wetu tumeiona ile picha ya Dedan Kimathi ya Oktoba 1956, amelazwa kwenye machela, pingu mikononi, kamba za nywele zimetapakaa. Februari 1957 alinyongwa. Katika miaka ile ya hali ya hatari zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Kakake Guka hakurudi, wala hakuna karatasi inayosema alikoishia.

Sitaki kulinganisha watu na mbwa. Kulinganisha kulifanywa na wengine, kwenye veranda, kwa sufuria ya maji yaliyochemka. Ninachosema ni kwamba pale Uingereza palikuwa na wakati mbwa asiyechanwa alipewa tuzo, na miaka sitini baadaye Waingereza hao hao walikuwa wakimtafuta kwa bunduki mtu asiyechanwa. Guka mpaka leo hutembea na kichana mfuko wa shati. Nywele zake zimebaki chache, lakini hatoki nje kabla hajakipitisha. Nikiwa mtoto nilidhani ni maringo ya wazee.

Binamu yangu ana simu nzuri, kwa hivyo nikamtumia picha ya kichana cha Biskuti amwonyeshe. Jibu likaja kwa sauti. "Ndicho," Guka alisema. "Chetu kilikuwa hakina mpini." Kisha nikamsikia akisogea karibu na simu, anavyofanya akiwa na jambo.

"Huyo mama hukupa chai?"

Nikamjibu ndiyo, tena chai ya maziwa, na mkate.

"Kwa kikombe gani?"

Sikuwa nimewahi kuangalia. Jumamosi iliyofuata nilimchana Biskuti kwa saa mbili, mguu kwa mguu, na alilala katikati ya kazi kama kawaida yake, ulimi nje. Saa tano dada wa kazi akaleta chai. Mama Biskuti alikuwa sebuleni na mgeni wake, wakinywea vikombe vya udongo vyenye maua ya buluu, na vingine vinne vya namna hiyo vilikuwa kwenye rafu, vikavu. Cha dada ni cha plastiki ya kijani. Changu ni cha plastiki ya manjano, na nikikumbuka vizuri, kimekuwa cha manjano tangu siku ya kwanza.

Nilikunywa. Chai ilikuwa tamu. Halafu nikarudi kwenye sikio la kushoto, ambako kichana kilikuwa bado kinakwama.