Kabla tanzia haijawa swali la mtihani

Ujumbe ukiingia kwenye simu alfajiri, juu yake pameandikwa TANZIA kwa herufi kubwa, hakuna anayewaza jukwaa. Mtu huketi kwanza, ndipo asome jina. Neno hilohilo mwanafunzi wa kidato cha tano hulikuta kwenye daftari la fasihi, limefafanuliwa kwa mstari mmoja: mchezo wa kuigiza unaoishia kwa huzuni. Hulikariri, akaliandika kwenye mtihani, akapata alama zake, bila kuhisi kwamba ndilo lililowatoa machozi nyumbani kwao.

Linaniuma hilo. Istilahi za fasihi zina nasaba kama watu, na nasaba ya tanzia ni ndefu.

Chimbuko lake ni taazia ya Kiarabu, yaani kumpa pole aliyefiwa. Nchini Iran neno hilo lilikwenda mbali zaidi, likawa jina la maigizo yenyewe: taziye, ambamo watu hukusanyika kuonyesha na kulilia kuuawa kwa Imamu Hussein huko Karbala mwaka 680. Msiba na mchezo, basi, vilikwisha kukaa kwenye jamvi moja kabla sisi hatujaanza kuandika tamthilia.

Wasomi wa Kiarabu wenyewe, walipokutana na Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, hawakulifikia neno hilo. Katika karne ya 10 huko Baghdad, Abu Bishr Matta alitafsiri kutoka Kisiriani kile kitabu kidogo cha Aristotle kuhusu sanaa ya ushairi, kilichoandikwa karne ya 4 KK. Alipofika kwenye tragodia, yaani tanzia ya Kigiriki, aliandika madihi, ushairi wa kusifu. Kwenye komodia, mchezo wa kuchekesha, akaandika hija, ushairi wa kukashifu. Baghdad ilikuwa na washairi wa kila aina, ila haikuwa na jukwaa la Kigiriki. Zaidi ya miaka 200 baadaye Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Cordoba, alikifafanua kitabu hicho kwa kufuata njia ileile ya sifa na kashfa, akitoa mifano kwenye mashairi ya Kiarabu na kwenye Kurani. Ufafanuzi wake ukatiwa kwenye Kilatini, na wapo wasomi wa Ulaya waliojifunza humo kwamba tanzia ni shairi la sifa. Maneno ya Aristotle yaliwafikia kupitia wafasiri. Walichokosa ni kile ambacho watazamaji wa Athens walikiona kwa macho.

Na Wagiriki hao hawakuwa na maneno ya kutisha. Skene, tunaloliona leo kama neno la kitaalamu, lilikuwa hema au kibanda nyuma ya wachezaji. Katharsis lilikuwa neno la waganga, la kutoa uchafu mwilini, hata kwa dawa ya kuharisha. Aristotle aliposema kwamba tanzia huamsha huruma na hofu na kuzisafisha hisia hizo, hakueleza zaidi, na wataalamu wanabishana hadi leo. Hamartia ilitokana na kukosa shabaha: mkuki umerushwa, umepita pembeni.

Hamartia naisisitiza kwa sababu darasani imegeuzwa kuwa dosari ya tabia. Soma Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971. Edipode anaukimbia mji wa Corinth ili asije akamuua baba yake. Njiani anagombana na mzee asiyemjua, anamuua, na huyo ndiye baba yake mzazi. Ana hasira za karibu, kweli, lakini hasira peke yake haielezi msiba ule: alilenga kumwokoa baba, akampiga. Miaka inapita, anakuja mjumbe kutoka Corinth na habari za kumtuliza, na habari hizohizo ndizo zinazomfumbua macho. Mambo yanageuka na ukweli unatambulika kwa pumzi moja. Aristotle aliusifu mchezo huo hasa kwa hilo.

Neno Kigothi, istilahi nyingine ya fasihi, nalo lilianza kama tusi. Wagothi waliipora Roma mwaka 410. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Waitalia, akiwemo Giorgio Vasari katika kitabu chake cha 1550, wakayabandika jina hilo majengo ya zamani yenye matao yaliyochongoka, ingawa si Wagothi walioyajenga. Mwingereza Horace Walpole akalipenda tusi hilo. Nyumba yake ya Strawberry Hill, Twickenham, aliijaza matao ya namna hiyo, na akasimulia kwamba aliota mkono mkubwa wenye vazi la chuma juu ya ngazi, akaamka na kuanza kuandika. The Castle of Otranto ilitoka Desemba 1764, nakala 500, ikidaiwa kuwa tafsiri ya kitabu cha Kiitalia kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529. Katika toleo la pili, 1765, alikiri kwamba ni kazi yake, akaiita kisa cha Kigothi.

Katika dibaji ya kwanza Walpole anaijengea riwaya yake nguzo mbili: hofu na huruma. Ni zilezile za Aristotle! Katika ya pili anamtaja Shakespeare kuwa ndiye mwalimu wake. Riwaya ya Kigothi ilizaliwa na watu wa tamthilia, na nasikitika tunapoifundisha kama mgeni asiye na ukoo.

Ann Radcliffe, mwandishi mwingine wa riwaya za Kigothi, alikwenda hukohuko kwa Shakespeare. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1826, baada ya kifo chake, alitenga hofu inayoikunjua nafsi na ile inayoifinya na kuigandisha. Kiswahili kina maneno yanayokaribia kabisa: taharuki na kiwewe. Taharuki ina mzizi mmoja na harakati. Moyo unakwenda mbele kutafuta kitakachotokea. Kiwewe humfunga mtu miguu.

Radcliffe alikuwa na desturi nyingine: kufikia mwisho wa riwaya, vishindo vya usiku hupatiwa sababu ya kawaida. Pwani yetu ina kazi iliyo jirani na hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni. Mpelelezi Bwana Msa hamtafuti pepo, anamtafuta mtu.