Asili ya Ukosefu wa Makao katika Mji wa Nairobi

Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899, reli ilipofika hapo kutoka Mombasa. Wazungu walijichagulia nyanda za juu, Wahindi wakakaa karibu na soko. Waafrika, ambao hawakutengewa mahali, walijijengea vijiji vyao: Pangani, Maskini, Kaburini na Mji wa Mombasa. Humo Kiswahili kilivuma, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya, alishauri kwamba watu wa kila rangi wakae mtaa wao. Sababu iliyotajwa ilikuwa tauni. Lakini vijiji havikusafishwa, bali vilibomolewa. Mapema katika miaka ya 1920 ulifunguliwa mtaa wa Pumwani, uitwao pia Majengo, na vijiji vidogo vikafungwa. Pangani ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Badiliko hilo halikuwa la mahali tu. Pangani mtu aliweza kumiliki nyumba, akapangisha vyumba vyake. Shauri Moyo nyumba zilikuwa za manispaa. Mwenye nyumba akageuka mpangaji.

Sheria nazo zilikaza fundo hilo. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande, kilichoandikwa kazi yake na bwana wake. Mjini alihesabiwa kuwa mtenda kazi, si mkazi, na mshahara wake ulipimwa kama wa mtu asiye na mke wala watoto. Kazi ikiisha, haki yake ya kulala mjini ilikwisha pia. Aliyekamatwa bila kazi wala makao aliitwa mzururaji. Neno hilo, litokalo katika kitenzi kuzurura, hulaumu mwenendo wa mtu. Halitaji aliyembomolea nyumba.

Mwezi wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, wakatiwa kizuizini.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini sheria ya uzururaji haikufutwa hadi 1997. Hivyo sheria iliyomwadhibu mtu kwa kukosa makao iliishi miaka 34 baada ya utawala uliomnyima makao hayo.