Kutoka Umbali hadi Ada: Sera za Afya Vijijini katika Musoma, Bunda na Butiama, 1967–2017

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, usawa wa huduma za afya vijijini ulipimwa zaidi kwa umbali kati ya kaya na zahanati. Kigezo hicho kilikuwa na mashiko mkoani Mara, ambako sehemu ya huduma za hospitali ilitegemea taasisi za dini, kama ile ya Shirati ambako Wamenonaiti walifika mwaka 1934. Operesheni Vijiji (1973–1976) ilizikusanya kaya na kurahisisha ujenzi wa zahanati, ingawa shuruti iliyotumika hutajwa kwa wepesi mno katika maandishi ya sekta ya afya.

Mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama hospitalini. Hapo ndipo umbali ulipoacha kuwa kipimo cha kutosha. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, ulikusudiwa kupunguza mzigo huo kwa mchango wa kaya wa mara moja kwa mwaka. Mpango huu ulichukulia kwamba kaya ina fedha mkononi kwa wakati mmoja. Mkulima wa pamba wa Bunda huuza zao lake baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka, ilhali malaria humshika mtoto wake wakati wa masika au mara baada yake, fedha za msimu uliopita zikiwa zimekwisha. Mvuvi wa Musoma hupata kidogokidogo. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa ada, lakini msamaha haukuwa na maana kubwa pale dawa zilipokosekana na mzazi kuelekezwa dukani.

Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi (2007–2017) ulirejea kwenye majengo: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wanavijiji walijitolea, na maboma yakainuka, mengine yakisubiri paa kwa miaka. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ilitengwa na Wilaya ya Musoma Vijijini mwaka 2012, ikahitaji uongozi wake wa afya. Kijiji kiliweza kuchangia mawe, mchanga na maji ya ujenzi. Hakikuweza kumwajiri muuguzi, kwa kuwa kibali cha ajira kilitoka serikali kuu.