Mtoto wako anataka kushiriki mbio za vikwazo mlimani wakati wa baridi: mambo ya kujua kabla ya kusaini fomu

Mbio za vikwazo ni mashindano ambayo mshiriki hakimbii tu. Hupanda kuta, hutambaa chini ya nyaya za miba, hubeba magunia ya mchanga, huning'inia kwenye kamba na mara nyingine huvuka maji na tope. Katika nchi za baridi, baadhi ya mbio hizi hufanyika katikati ya majira ya baridi. Mashindano ya Spartan, yaliyoanzia Marekani, yamewahi kuandaa mbio za theluji huko Kaprun, katika milima ya Austria. Nchini Uingereza, mashindano ya Tough Guy, yaliyoanza mwaka 1987, yalijulikana kwa kufanyika mwezi Januari na kuwapitisha washiriki kwenye madimbwi ya maji baridi sana.

Ikiwa familia yako inaishi Marekani, Kanada au Ulaya, huenda siku moja kijana wako akaleta fomu ya mbio kama hizi nyumbani na kukuomba uisaini. Makala hii inakueleza hatari zilizopo, namna ya kumwandaa mtoto, na dalili za kuangalia siku ya mashindano.

Jambo moja la kukumbuka kuliko yote ni hili: baridi huvuruga akili kabla haijauangusha mwili. Mtu anayepoteza joto mara nyingi hajui kwamba yuko hatarini. Atakwambia yuko sawa. Kwa hiyo ni lazima awepo mtu mwingine wa kuamua kwa niaba yake, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Kwa nini baridi ya mlimani ni hatari?

Mambo manne hukutana kwa pamoja.

- Mwinuko. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Hali ya hewa ya pale mlipoegesha gari si ile ya kileleni.
- Upepo. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 20 chini ya sifuri.
- Maji. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Nguo iliyolowa jasho, tope au theluji iliyoyeyuka hufanya kazi hiyohiyo.
- Kusimama. Misuli inayokimbia hutengeneza joto jingi. Mshiriki akisimama kusubiri zamu kwenye kikwazo, au akimaliza mbio, joto hilo hukatika huku nguo zikiwa bado zimelowa.

Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, kwa sababu ngozi yao ni kubwa ikilinganishwa na uzito wa mwili. Kijana mwembamba naye hupoa haraka kuliko mwenye mafuta kiasi.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika ghafla. Tarehe 22 Mei 2021, mbio za milimani za kilomita 100 katika mkoa wa Gansu nchini China zilikumbwa na mvua, mawe ya barafu na upepo mkali. Haikuwa hata majira ya baridi. Wakimbiaji wengi walivaa fulana na kaptura, na koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima. Wakimbiaji 21 walifariki, wakiwemo baadhi ya mahodari wa nchi hiyo. Wengine sita waliokolewa na mchungaji wa mifugo aliyewaingiza pangoni na kuwawashia moto. Uhodari haukinzani na baridi. Kilichowaokoa wale sita ni kukingwa na upepo, joto, na mtu aliyetambua kwamba wanahitaji msaada.

Ni watoto gani wanaohitaji kumwona daktari kwanza?

Mtoto mwenye afya njema anaweza kushiriki mbio za umri wake akiandaliwa vizuri. Zungumza na daktari kabla ya kujisajili ikiwa mtoto wako ana mojawapo ya hali hizi:

- Pumu. Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa. Daktari anaweza kushauri atumie dawa ya kuvuta kabla ya kuanza. Dawa hiyo abebe mwilini, isibaki kwenye gari.
- Selimundu (siko seli). Baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu na mwinuko vyote vinaweza kuamsha maumivu makali. Kwa mtoto huyu, mbio za namna hii kwa kawaida hazifai.
- Kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Mtoto huyu kwa kawaida ni mzima na hucheza kama wengine, lakini mazoezi makali kupita kiasi, hasa kwenye mwinuko, yamewahi kuwaletea baadhi yao matatizo makubwa ya misuli. Watoto wanaozaliwa Marekani na Uingereza hupimwa wakiwa wachanga. Kama wako alizaliwa kwingine na hujui hali yake, omba apimwe.
- Kuzimia au kuumwa kifua akifanya mazoezi, au kuwa na ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana.
- Kisukari, kifafa, au ngozi inayovimba ikiguswa na baridi.

Hakikisha pia chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Nyaya, mbao na tope huleta michubuko na majeraha.

Mtoto mwenye homa au kikohozi kizito siku hiyo asikimbie, hata kama ada imeshalipwa.

Maswali ya kuwauliza waandaaji

Fomu nyingi humtaka mzazi akubali kwamba hatari ni juu yake. Kabla ya kusaini, uliza:

- Umri wa chini ni upi, na je, kuna mbio fupi za watoto? Mbio za watu wazima huanzia kama kilomita 5 na hufika zaidi ya kilomita 20.
- Je, kuna kikwazo cha maji? Je, mtoto anaweza kukiruka bila kutolewa mashindanoni?
- Vituo vya huduma ya kwanza viko wapi njiani, na vina mahali pa kupasha joto?
- Baridi au upepo ukizidi kiasi gani, mbio huahirishwa?
- Mzazi anaruhusiwa kufika sehemu zipi?

Kama hupati jibu la wazi, una haki ya kukataa kusaini.

Namna ya kumvalisha

Watu husema pamba ni nguo nzuri, na nyumbani ni kweli. Lakini kwenye theluji pamba hunyonya maji, huyashika na kuupoza mwili. Mvalishe kwa tabaka:

1. Nguo ya ndani inayobana kidogo, ya sufu laini au poliesta.
2. Nguo ya pili ya kutunza joto, kama sweta jepesi la sufu.
3. Koti jepesi la kuzuia upepo na maji.

Ongeza soksi za sufu, kofia inayofunika masikio, na glavu, pamoja na glavu nyingine kavu za akiba. Viatu viwe na nyayo zenye meno. Visibane, kwa sababu mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha na huganda haraka. Msichana au mwanamke anayevaa hijabu achague ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, iliyochomekwa vizuri ili isinase kwenye nyaya.

Asivae nguo nyingi mno mwanzoni. Mtoto anayetoka jasho jingi katika kilomita ya kwanza atakuwa amelowa kabla ya kufika kwenye maji.

Chakula na maji

Kutetemeka na kukimbia hutumia nguvu nyingi. Mpe chakula cha wanga, kama uji, mkate, viazi au wali, saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Abebe kitu kitamu mfukoni. Kwenye baridi mtu hahisi kiu sana, kwa hiyo mkumbushe kunywa maji.

Dalili za kuangalia

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ana hipothermia, yaani mwili umepoa kupita kiasi. Angalia hatua zake:

- Mwanzo: kutetemeka sana, vidole kushindwa kufunga zipu, kujikwaa, kuongea kwa kukokota maneno, kukasirika bila sababu au kunyamaza kusiko kwa kawaida yake.
- Hatari: kutetemeka kunaacha ingawa hajapashwa joto, anachanganyikiwa, anasinzia, au anaanza kuvua nguo akidai anasikia joto.

Mjaribu kwa njia rahisi. Mwambie aguse kidole gumba kwa kidole kidogo cha mkono uleule, au akutajie siku aliyozaliwa. Akishindwa, mbio zimekwisha kwake, hata kama amebakiza kikwazo kimoja. Mkubaliane kuhusu hili mkiwa nyumbani, akili yake ikiwa imetulia: *nikisema tosha, ni tosha.*

Angalia pia vidole, masikio, pua na mashavu. Ngozi inayoanza kuganda hufa ganzi na kuwa ngumu. Vitabu vingi husema huwa nyeupe au nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi inaweza kuonekana ya kijivu, kama iliyopakwa majivu. Usitegemee rangi pekee. Iguse, na umuulize kama anahisi.

Kwenye milima inayozidi mita 2,500, kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu vinaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko. Tiba ya kwanza ni kuacha kupanda na kushuka chini.

Akimaliza mbio: dakika muhimu zaidi

Joto la ndani ya mwili linaweza kuendelea kushuka kwa muda hata baada ya mtu kutoka kwenye maji au kufika mwisho. Picha na medali vitasubiri.

1. Mwingize mahali pasipo na upepo.
2. Mvue nguo zote zilizolowa, mkaushe, mvishe nguo kavu na kofia.
3. Mfunike kwa blanketi. Kwanza pasha joto kifua, mgongo na kwapa. Chupa ya maji ya moto izungushiwe kitambaa isije ikamwunguza.
4. Kama yuko macho kabisa na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe.
5. Usimsugue mikono na miguu, wala usimkimbize kwenye bafu la maji ya moto. Anaweza kuzimia.
6. Asiendeshe gari kurudi nyumbani.

Sehemu iliyoganda isisuguliwe, hasa kwa theluji. Itumbukize kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, ikiwa tu hakuna uwezekano wa kuganda tena kabla ya kufika hospitali.

Piga simu ya dharura mara moja ikiwa mtoto amechanganyikiwa, ameacha kutetemeka bila kupashwa joto, haamki, au anapumua kwa shida. Namba ni 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, na 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Wakati unasubiri, mlaze na umguse taratibu, kwa sababu moyo uliopoa sana hushtuka kirahisi. Kama hapumui, anza kumfanyia huduma ya kurudisha uhai na usiache hadi msaada ufike.

Na wewe mama ukitaka kushiriki?

Ukiwa mjamzito, mbio za vikwazo hazifai kwa sababu ya hatari ya kuanguka na kugongwa tumbo. Baada ya kujifungua, subiri angalau miezi mitatu kabla ya kurudia kukimbia, na zaidi ikiwa ulifanyiwa upasuaji au unavuja mkojo. Kunyonyesha hakukuzuii, ila kula na kunywa vya kutosha. Mwombe mtu unayemwamini akusubiri mwishoni na nguo kavu. Mtu mzima naye hajioni anapopoa.