Kocha Afukuzwe au Abaki?

Timu ikifungwa mfululizo, swali la washabiki ni lile lile: kocha afukuzwe au abaki? Nawaletea mfano wa Alex Ferguson, aliyeanza kazi Manchester United, Uingereza, Novemba 1986.

Septemba 1989 timu yake ilifungwa mabao 5–1 na majirani, Manchester City. Desemba bango la kumtaka aondoke likainuliwa uwanjani. Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Wengi husema bao la Mark Robins dhidi ya Nottingham Forest, Januari 1990, ndilo lililomwokoa. Mimi naona alijiokoa mapema zaidi, kwa kusaka vijana: Ryan Giggs alijiunga 1987, akiwa na miaka 14. Ubingwa wa ligi, uliokosekana tangu 1967, ulirudi 1993, Giggs akiwamo.

Wanafunzi mlioko shuleni, mkibishana juu ya kocha, ulizeni pia analea vijana gani.