Makaa ya Kitui na Barabara ya Watu Wote

Msomaji, ukisafiri kwa motokaa kutoka Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, ukavuka mto Athi, kisha ukapita Ikutha na Mutomo hata ukaufikia mji wa Kitui, yaelekea utaona magunia kando ya njia. Yamesimamishwa mawili mawili au matatu matatu chini ya mti, na juu ya kila kinywa pamesongwa majani na vijiti, kisha pakashonwa kwa kamba ili makaa yasimwagike. Mara nyingi hutamwona mwenyewe. Yupo karibu, kivulini, anasikiliza. Motokaa ikipunguza mwendo, atatokea.

Nataka nikusimulie habari ya gunia hilo, kwa maana mwaka 2018 liliwagombanisha watu wa kaunti mbili, likafunga njia, likasababisha lori kuteketezwa, na likawafanya wakubwa wa serikali waulizane ni nani aliye na amri juu ya mti, na ni nani aliye na amri juu ya barabara. Lakini ili uuelewe ugomvi ule, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Watu wa Ukambani walikuwa wasafiri kabla ya kuwako barabara. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani, na mmoja wa wafanya biashara wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui. Yeye ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Misafara ile haikuhitaji moto wa kuiendesha. Nguvu zake zilikuwa miguu na mabega ya wachukuzi. Walakini ilikuwa na jambo moja ambalo tutakutana nalo tena, nalo ni hongo. Msafara uliopita katika nchi ya watu ulitoa nguo, au shanga, au waya. Wenyeji waliona kuwa ni haki yao, kwa sababu mgeni alikunywa maji yao na kukata kuni zao. Wenye msafara aghalabu waliona kuwa ni unyang'anyi.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita upande wa kusini wa Ukambani, yaani Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kitui ikaachwa mbali upande wa mashariki. Katika miaka mingi ya mwanzo injini zilikula kuni. Miti ilikatwa, ikapangwa kando ya reli, ikatiwa tumboni mwa injini. Baadaye ikapandwa mikaratusi makusudi ili reli isikose kuni, na hata zaidi ya hapo injini zikageuzwa kutumia mafuta. Basi mtu akikuambia kwamba maskini wa Ukambani ndiye wa kwanza kuuza msitu wake kwa ajili ya moto, mwulize habari za gari moshi.

Mabishano makubwa ya kwanza ambayo serikali ilisema inailinda ardhi, na watu wakasema inawanyang'anya, hayakuwa juu ya makaa bali juu ya ng'ombe. Nayasimulia hapa kwa kuwa yanafanana mno na yale ya 2018. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha nchi tunayoiita leo Makueni, inamomonyoka. Usidhani kuwa ilisema uongo. Makorongo yalikuwako na watu waliyaona. Lakini sababu moja ya msongamano ule ilikuwa kwamba mashamba mazuri yalikwisha kutolewa kwa walowezi, na jambo hilo serikali haikupenda kulisema. Ikaamuru mifugo ipunguzwe, ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo, na kule Athi River kulikuwa na kiwanda kilichongojea nyama. Mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto wakaondoka Ukambani wakaenda Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa na kupelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo.

Makorongo hayakuondoka kwa sababu ya ushindi ule. Naomba ulikumbuke hilo, maana mtu aweza kuwa na haki ya kukataa amri, na bado ugonjwa uliotajwa na amri ile ukawa upo palepale.

Sasa turudi kwenye gunia. Makaa ni moto wa mjini. Mtu wa shamba hupika kwa kuni alizookota, lakini kuni ni nzito, zina moshi, na hazifai katika chumba kimoja cha kupanga. Makaa ni mepesi kuchukua, hayaozi, tena hununuliwa kwa kadiri ya fedha zilizopo mfukoni, gunia, debe, au gorogoro moja tu. Kadiri Nairobi, Thika na Limuru zilivyokua, ndivyo miti ya nchi kavu ilivyozidi kutafutwa, hasa migunga, ambayo makaa yake ni magumu na hukaa na moto muda mrefu.

Tena mtu hutengeneza makaa kwa njia ya zamani. Hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, huiwasha, kisha hulinda tanuri siku kadhaa usiku na mchana, asije moto ukapenya akapata jivu badala ya makaa. Katika kuni kilo 100 tanuri la namna hii hutoa makaa yapata kilo 10 hadi 20. Hesabu hiyo peke yake yatosha kukuonyesha jinsi mti unavyopotea. Ni kazi ngumu, na wengi huifanya kwa sababu mvua imekataa. Katika Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni zile za kati ya Oktoba na Desemba. Zikikosa kunyesha, mahindi hukauka, na karo ya shule haingoji mwaka ujao. Nimefundisha vijana waliosomeshwa kwa makaa tangu darasa la kwanza, nao hawapendi kulisema hadharani.

Sheria haikuwa imenyamaza. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilimruhusu mtu kutengeneza makaa ikiwa ana leseni, tena yamo katika chama, na mwenye kuyasafirisha alipaswa kuwa na kibali kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu. Lakini kibali kilikuwa mbali na tanuri lilikuwa karibu. Watu wakachoma bila leseni, malori yakapita usiku, na vizuizi vya njiani vikawa mahali pa hongo. Safari hii si ile hongo ya wazee waliotoa maji.

Mwezi wa Januari 2018 Gavana wa Kitui, Bi. Charity Ngilu, ambaye alikuwa amechaguliwa mwezi wa Agosti uliotangulia, akapiga marufuku makaa na mchanga kutolewa katika kaunti yake. Makueni ilikuwa imekwisha kutunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015, kwa sababu mito ya Ukambani haina maji juu kwa sehemu kubwa ya mwaka; maji hujificha ndani ya mchanga, na mchanga ukichotwa kwa malori, visima hukauka. Watu wengi wa Kitui waliifurahia amri ya gavana. Walikuwa wameona vilima vikibaki uchi na faida ikienda kwingine, maana aliyeuza gunia Ikutha alipata sehemu ndogo tu ya bei yake ya Nairobi.

Walakini furaha ile iligeuka kuwa ghadhabu. Mwezi wa Februari watu walilizuia lori lililobeba makaa katika Kitui, wakalitia moto. Makaa yaliyokuwa yapike chakula cha nyumba nyingi kwa siku nyingi yakateketea yote siku moja katikati ya njia, pamoja na lori. Habari zilipofika Limuru, katika Kaunti ya Kiambu, wafanya biashara wa makaa wakaandamana na kuzuia barabara kuu iendayo Nakuru. Maneno yakaacha makaa, yakashika makabila. Ikawa Mkikuyu amechomewa mali na Mkamba, na Mkamba ameharibiwa nchi na Mkikuyu. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikalazimika kuingia kati.

Fikiri juu ya lori lile, msomaji. Dereva wake hakuukata mti. Mwenye kuukata alikuwa, yamkini, mtu wa Kitui, na mwenye kuyachoma makaa angekuwa mama fulani wa mjini anayechemsha maharagwe. Kati ya hao wote ni dereva peke yake aliyeonekana barabarani, na kwa kuwa ndiye aliyeonekana, ndiye aliyeadhibiwa. Mimi naona kwamba hapo ndipo walipokosea wale vijana, na kosa lao halipunguzwi na ukweli kwamba miti ilikuwa inakwisha.

Mbali ya hayo, lilikuwapo swali la sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, inagawanya kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Barabara kuu za nchi ni za serikali ya taifa, na sera ya nishati ni yake pia; barabara za kaunti ni za kaunti, nayo kaunti imepewa kutekeleza siasa ya taifa katika kuhifadhi udongo, maji na misitu. Gunia likiwa chini ya mti, basi, gavana ana neno juu yake. Likipandishwa lorini na lori likaingia barabara kuu, je, ni nani mwenye neno? Kila upande ulijibu kwa kadiri ya faida yake. Mwisho wa mwezi ule ule, tarehe 24 Februari, Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, akatangaza kuwa ukataji wa miti umesimamishwa kwa siku 90 katika misitu ya umma na ya jamii. Siku 90 zikaongezwa tena na tena, hata Julai 2023, wakati yeye mwenyewe, sasa akiwa Rais, alipotangaza kuiondoa marufuku ile.

Labda utasema kwamba watu wangeacha makaa na kutumia mafuta ya taa au gesi. Mwaka huo huo wa 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi wenye tamaa wasiyachanganye na dizeli. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini mama wa chumba kimoja alikatazwa makaa kwa mkono mmoja na kupandishiwa mafuta kwa mkono wa pili. Gesi nayo ilikuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016. Kodi hiyo ikarudishwa Julai 2021, ikapunguzwa mwaka 2022, ikaondolewa tena mwaka 2023. Ni vigumu kumlaumu mtu asiyenunua jiko la gesi wakati bei ya moto wake yategemea bajeti ya kila mwaka.

Ajabu ni kwamba chini ya ardhi ya Kitui yamo makaa mengine. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili, tukiongeza tu kwamba haya ni ya mawe. Katika bonde la Mui, upande wa Mwingi, yaligunduliwa makaa ya mawe, na mwaka 2011 kampuni ya Kichina iitwayo Fenxi ikapewa sehemu mbili kati ya nne za bonde hilo. Wenyeji wakauliza watahamishiwa wapi na watalipwa nini, wakaenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba walikuwa wameshirikishwa vya kutosha kwa hatua ile. Miaka ikapita bila mgodi kufunguliwa. Kule Lamu, tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Kwa hiyo mchoma makaa wa Mutomo aliambiwa kuwa moshi wake unaiharibu nchi, huku serikali ikitafuta njia ya kuchoma makaa ya chini kwa tani milioni. Sisemi kwamba ni jambo moja. Nasema kwamba mtu wa Mutomo alikuwa na haki ya kuuliza.

Upande wa Makueni ugomvi ulikuwa juu ya magurudumu. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472, ilifunguliwa mwaka 2017, na mwezi wa Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba shehena za kwenda Nairobi zipelekwe kwa reli. Malori yangepungua, na ajali pamoja nayo. Lakini Emali, Makindu na Mtito Andei ni miji iliyolishwa na madereva. Hula hapo, hulala hapo, hununua matairi hapo. Mombasa watu wakaandamana, na Oktoba amri ikasimamishwa.

Mwaka jana niliwapa walimu wanafunzi wa chuo chetu mjadala juu ya marufuku ya makaa. Nusu ya darasa ikasimama upande wa miti, nusu upande wa wachomaji, wakabishana saa mbili kwa ufasaha mwingi, wakitaja Katiba na mabadiliko ya hali ya hewa. Mmoja tu, kijana wa Ikutha, hakufungua kinywa. Kengele ya chakula ilipolia tukaenda sote bwaloni. Maharagwe yalikuwa yameiva kwa kuni, magogo yaliyoletwa na lori asubuhi ile, na hakuna aliyekuwa ameuliza yalikokatwa.