Rangi Nyeusi Iliyokataa Kuonekana

Leo tuzungumzie rangi. Ukipewa programu ya zamani ya Visual Basic 6 uirekebishe, huenda ukakutana na kituko hiki: umeagiza seli moja ya gridi iwe nyeusi, unaendesha programu, seli inabaki nyeupe. Hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Wengi hulaumu kompyuta. Mimi nasema tutazame historia.

Windows huhifadhi rangi kama nambari moja. Baiti ya chini kabisa ni ya nyekundu, inayofuata ni ya kijani, kisha buluu. Ndiyo sababu RGB(255, 0, 0) ni 255 tu. Ndiyo sababu pia nyekundu ya kurasa za wavuti, FF0000, ukiiandika &HFF0000 katika Visual Basic inakuwa buluu. Kwa hesabu hiyo hiyo, nyeusi ni sifuri.

Sasa njoo kwa MSFlexGrid, gridi iliyokuwamo ndani ya VB6 ya mwaka 1998. Gridi hii inahitaji kujua ni seli gani hazijapakwa rangi maalum, ili izipe rangi ya kawaida. Alama iliyochaguliwa ni sifuri. Basi sifuri moja ikapewa kazi mbili: "nyeusi" na "hakuna rangi". Maelezo rasmi yenyewe yanasema ukitaka nyeusi katika CellBackColor, weka 1 badala ya 0. Hiyo 1 ni nyeusi yenye chembe ya nyekundu ambayo jicho haliioni.

Je, ni jambo dogo? Nimewahi kuitwa kutazama daftari la madeni la duka moja la jumla. Mteja asiyefaa kukopeshwa tena alipangiwa mstari mweusi wenye maandishi meupe. Mandhari ilikataa kuwa nyeusi, maandishi yakakubali kuwa meupe. Majina ya wadaiwa sugu yakawa meupe juu ya nyeupe, na karani akaendelea kuwauzia kwa mkopo. Dawa ilikuwa tarakimu moja.

Mwaka 2005, .NET 2.0 ilikuja na DataGridView. Humo Color.Black na Color.Empty ni thamani mbili tofauti, kwa hiyo nyeusi haichanganywi tena na utupu. Lakini mtego mwingine ukazaliwa: mitindo hurithiana. Rangi ya seli hushinda ya mstari, na rangi ya mistari ya kupishana hushinda ya safu wima. Ukipaka safu wima na isionekane yote, chunguza mistari kwanza.

Microsoft iliacha kuhudumia zana za kuundia programu za VB6 mwezi Aprili 2008, lakini programu zilizoundwa nazo bado zinafanya kazi kwenye Windows. Kwa hiyo ukikutana na rangi isiyotii, usikimbilie kuandika upya kila kitu. Uliza kwanza: je, kuna nambari hapa iliyobebeshwa maana mbili?

Kazi njema.